Jina la Tatu

Januari hii nilipangiwa tena kuandikisha watoto wa darasa la kwanza. Walimu wenzangu wanaikwepa kazi hiyo, maana unakaa kutwa nzima barazani, jua linakuhamia magotini, na kila mzazi ana maelezo yake marefu ya kwa nini mtoto hana cheti cha kuzaliwa. Mimi sikatai. Huu ni mwaka wa sita naifanya hapa shuleni kwetu, upande wa Maneromango, na mwalimu mkuu ameshaacha kuniuliza. Ananiwekea meza na rejista mpya, anaondoka zake.

Siku ya tatu, foleni ikiwa imepungua, akaja mwanamke kijana amemshika mkono binti mdogo. Nilimjua kuwa ni mtu wa kwetu kabla hajafika mezani. Nilimjua kwa bangili za shaba, na kwa jinsi yule mtoto alivyosimama nyuma yake kidogo, anamtazama mama yake badala ya kunitazama mimi. Nikaandika jina la mtoto. Nikaandika jina la baba. Ikabaki nafasi ya tatu, ya babu, na mkono wangu ukasimama. Nikafunika kalamu, nikajifanya natafuta rula.

Utasema, jina tu ndilo linalomsimamisha mtu mzima mkono? Basi kaa nikueleze, maana sijamweleza mtu, na wewe huna haraka na mimi leo sina kipindi.

Sisi ni Wadatoga. Huenda unatujua kwa jina la Wamang'ati, jina ambalo hatukujipa wenyewe. Wamasai ndio waliotuita hivyo, na kwao maana yake ni adui. Watu wa Pwani walilipokea jina hilo likiwa limeshapikwa, hawakuuliza limetoka wapi, na wengi hawalisemi kwa ubaya. Ukoo wetu ulishuka na ng'ombe kutoka pande za Hanang' kabla sijazaliwa, ukifuata nyasi, mpaka ukafika Kwala, kule Kibaha vijijini. Ukakuta nyasi zipo na majirani ni Wazaramo na Wakwere wanaolima mihogo na mpunga. Tukajenga boma hapo.

Kwala ninayokusimulia si hii ya bandari kavu, yenye ukuta na makontena. Ilikuwa nyasi, miiba na reli basi. Asubuhi nilikuwa naamshwa na harufu ya vibuyu. Mama alichoma kijiti mpaka kikawa kaa, akakisugua ndani ya kibuyu kikiwa bado na moto, halafu ndipo akamimina maziwa. Maziwa yale yalikuwa na ladha ya moshi, na ukishayanywa yalikuachia vumbi jeusi juu ya mdomo. Nimeyanywa kila siku ya Mungu mpaka nilipomaliza shule ya msingi, na sasa nanunua ya pakiti. Kazi zangu zilikuwa kuzoa kinyesi cha ndama, kuchota maji kwenye lambo, na kazi nyingine moja ambayo watoto wa majirani hawakuwa nayo. Nilikuwa mdomo wa mama.

Kwetu mwanamke akishaolewa halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji mbele yake, halitaji akiwa peke yake kisimani, na mama alikuwa akisema kwa utani kwamba hata ndotoni anajizuia. Na si jina peke yake. Majina yetu hutokana na mambo ya kila siku, kama njia, ndama au msimu, na jina la babu lilikuwa na mvua ndani yake. Basi mama hakuwa akisema mvua kwa lugha yetu. Alikuwa na neno lingine, walilolitumia wanawake walioolewa katika boma letu, na mengine mengi ya namna hiyo, hata mimi nikakua najua kwamba vitu vina majina mawili, la baba na la mama. Kiswahili ndicho kilichomfungulia mlango. Kiswahili hakikuwa na mkwe. Mawingu yakijikusanya upande wa Ruvu alikuwa anasimama nje anasema, "Mvua, mvua, mvua," anacheka mwenyewe kama mtoto aliyeiba sukari.

Sasa akija mgeni bomani, mnunuzi wa ng'ombe au bwana mifugo, na wanaume hawapo, swali lake la kwanza huwa, boma la nani hili? Mama hajibu. Ananitazama. Na mimi natoka kwenye ndama na matope yangu miguuni, nasimama mbele ya mgeni, nalitaja jina la babu kwa sauti. Nilianza kazi hiyo kabla sijang'oka jino hata moja, na nilijiona mkubwa kuliko kaka zangu waliokuwa wanachunga. Mama akinitazama, nasema. Hatukuwahi kukubaliana, ilikuwa hivyo tu.

Mama ndiye aliyetaka nisome. Baba hakukataa wala hakukubali. Alisema ndama wakinywa maji kwa wakati, mengine mtajua wenyewe. Mama alikuwa amemwona muuguzi kwenye zahanati moja ya Mlandizi, msichana mdogo tu, akiwaambia wanaume wazima wakae kwenye benchi, wakakaa. Jambo hilo halikumtoka. Alilisimulia bomani siku nyingi, na kila mara aliishia hapo hapo: akawaambia wakae, wakakaa. Yeye mwenyewe alikuwa na chale za nukta nukta zilizozunguka macho, uzuri wa wasichana wa enzi zao. Mimi alikataa nisichanjwe. Alisema shuleni wataniogopa.

Siku ya kuandikishwa baba alikuwa ameshavuka na ng'ombe kwenda upande wa Kisarawe kutafuta malisho, na babu nyonga zilikuwa zimemkatalia kutembea. Mama akaniogesha, akanipaka samli, akanivua bangili zangu zote akazifunga kwenye pindo la shuka lake. Tulitembea kufuata reli mpaka shuleni. Mbele yetu kwenye foleni alikuwa jirani yetu, mama wa Kizaramo aliyekuwa akitupa mihogo nasi tunampa maziwa, amemleta kitinda mimba wake. Alinipapasa kichwa. Tulipofika mezani, mwalimu, mwanamume wa bara mwenye miwani, alikuwa amelowa jasho mpaka mgongoni.

"Jina la mtoto?"

Mama akataja.

"Baba yake?"

Akataja, kwetu la mume linatajika.

"Babu yake?"

Mama akanitazama.

Nilikuwa najua la kufanya. Nataka hilo ulielewe, maana ndilo linalonifanya nikusimulie. Nilikuwa na jina lile mdomoni kama siku zote. Lakini nyuma yetu watoto walikuwa wameshaanza kucheka. Walikuwa wanaionyeshea vidole sketi ya mama ya ngozi, na mmoja alikuwa ameziba pua kwa ajili ya samli yangu. Nikatazama chini. Palikuwa na vifuniko vya soda vimekanyagwa mpaka vikazama kwenye udongo, nikaanza kuvihesabu. Vilikuwa kumi na kimoja.

"Mama, baba wa mumeo anaitwa nani?" mwalimu akarudia.

Nilijua kuwa mama bado ananitazama. Sikuinua kichwa.

"Huyu hajui hata mkwe wake anaitwaje," mwalimu akasema. Hakusema kwa ukali, alikuwa amechoka. Watu wakacheka. Ndipo jirani yetu akageuka.

"Mwalimu, hawa Wamang'ati hawa. We andika tu Mang'ati, jua lenyewe kali hili. Hapa kila mtu anawajua."

Mwalimu akaandika. Alikuwa mwema yule jirani. Alitaka kutusaidia na kweli alitusaidia, kwa sababu kama si yeye tungerudishwa nyumbani, na nisingekuwa nimekaa hapa naongea na wewe. Kiswahili cha mama wakati huo kilikuwa cha mihogo, chumvi na mvua. Alisikia jirani anasema sisi ni nani, akaona mwalimu anaandika, akaamini kwamba jirani, aliyemjua babu vizuri, amemtajia mwalimu jina. Alimshukuru sana. Kesho yake alimpelekea kibuyu kizima cha maziwa.

Njiani kurudi tulitembea mpaka tulipoliona boma. Hapo akasimama.

"Ulikuwa unaumwa?"

"Ndiyo," nikasema.

"Koo?"

"Koo."

Alinichemshia mizizi, nikanywa dawa chungu siku tatu kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Kila aliponiletea kikombe alikuwa anakaa mpaka nimalize. Sijui kama aliniamini. Alinipa sababu, mimi nikaipokea, na hatukuizungumzia tena.

Shule yenyewe sina malalamiko mengi nayo. Watu wakisikia nimetoka wapi huniuliza kama niliteseka, na huwa naona wanasubiri nilie. Ukweli ni kwamba nilikufa ganzi mapema, kwenye wiki ya pili hivi, na ganzi ikanibeba salama mpaka darasa la saba. Kila asubuhi mwalimu alikuwa akiita majina matatu matatu, akifika kwangu darasa linacheka, nami naitika, "Nipo." Baada ya muda walichoka kucheka na mimi nikachoka kujua kwamba wanacheka.

Kipindi cha dini ndicho kilichonifurahisha. Waislamu walibaki darasani na ustadhi, Wakristo walitoka na mwalimu wao nje kwenye kivuli cha mkorosho. Mwalimu wa zamu akaniuliza, wewe upande gani? Nikasema sijui. Akaniuliza, kwenu mnaabudu wapi? Nikasema babu ndiye anayeomba. Alifikiri kidogo, akanipa ufagio nifagie ofisi. Kwa miaka saba dini yangu ilikuwa kufagia ofisi, na niliifuata kwa uaminifu. Mpaka leo naijua sakafu ile ufa kwa ufa.

Kulikuwa pia na chakula cha mchana. Shule ilikuwa inapika ugali na dagaa, na kwetu samaki haliwi. Nilikuwa nakula ugali mkavu huku wenzangu wakigombania mchuzi. Siku moja, darasa la tatu, nikaamua nami niwe mtu wa kawaida, nikala. Dagaa walikuwa watamu sana. Kabla ya kufika nyumbani nilisugua meno kwa mchanga na kutafuna majani ya mpera, na bado babu aliponiita karibu nilijibu nikiwa mbali. Shuleni nilinuka samli, nyumbani niliogopa kunuka dagaa. Nilikuwa sina mahali pa kupumulia sawasawa isipokuwa njiani, kwenye reli, na labda ndiyo maana njia ile naikumbuka vizuri kuliko shule na kuliko boma.

Nilipoingia darasa la saba, mlinzi wa shule, kijana wa Kimasai, aliona jina kwenye jalada la daftari langu akaangua kicheko. Nikamuuliza anacheka nini. "Umejiandika adui," akasema. Nilidhani ananitania. Jioni, mama akiwa anakamua, nikamuuliza kama ni kweli neno Mang'ati maana yake ni hiyo. Akasema ni kweli, Wamasai na sisi tuna mambo ya zamani, kwani vipi. Nikamwambia kwamba ndilo lililoandikwa shuleni mahali pa jina la babu, tangu siku ile.

Aliacha kukamua. Ng'ombe akageuka kumtazama.

"Jirani hakulitaja?"

"Hakulitaja."

Halafu akasema, "Babu yako si adui wa mtu," akaendelea kukamua.

Majina ya mtihani yalikuwa yanaandaliwa wakati huo. Mwalimu mkuu wa kipindi kile, mama mmoja mwenye sauti nzito, alikuwa ametangaza kwamba mwenye jina lenye kasoro alete mzazi. Nilikwenda ofisini nikamwambia jina langu la tatu si hilo, nikamtajia la babu. Nililitaja vizuri kabisa, bila kusitasita. Akatikisa kichwa. "Si wewe, ni mzazi. Kila mwaka mnajibadilishia majina." Unaona mambo yalivyo. Siku ile ya kwanza neno langu moja lingetosha, na sasa nimelisema mwenyewe, halitoshi.

Baba alikuwa Kisarawe na ng'ombe na hakukuwa na simu ya kumfikia. Babu hakuweza kutoka hata nje ya boma bila kushikwa. Mama akasema, "Kesho tunakwenda." Nikamwambia nitamwomba mwalimu nitaje mimi, yeye aitikie kwa kichwa. Akakubali. Nadhani wote wawili tulijua kwamba haitatosha.

Ofisini alisimama karibu na kabati, mahali nilipokuwa nafagia kila wiki.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Huyu ndiye mama?"

Nikamweleza. Nikasema kwetu mkwe hatajwi, basi mimi nitasema, mama atakubali kwa kichwa.

"Kutikisa kichwa hata mimi naweza," akasema mwalimu mkuu. "Aseme. Mama, usiogope, hapa ni ofisini, hakuna anayekusikia. Babu yake huyu anaitwa nani?"

Mama akanitazama. Safari hii sikutazama chini, nilimtazama na mimi. Ilikuwa haisaidii kitu. Akavuta shuka akajifunika mdomo, akalisema jina la babu ndani ya shuka.

"Sijasikia, mama. Toa nguo hiyo."

Akatoa nguo. Akalisema tena. Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia kwa sauti yake, na lilitoka limenyooka, wala halikumshinda, kama neno alilokuwa akilitumia kila siku. Halafu akakaa chini sakafuni. Mwalimu mkuu akaandika kwa penseli pembeni ya karatasi, akasema, "Haya, si unaona? Rahisi tu."

Mama hakumficha babu. Tulipofika tu alikwenda akasimama nyuma ya kibanda chake, mahali ambapo anasikika bila kuonekana, akamwambia alichofanya na kwa nini. Babu akaniita mimi.

"Alilitaja mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema.

Mama alikuwa anasikia. Babu akageuza kigoda chake, akaupa mlango wetu mgongo. Tangu siku hiyo hakula kitu kilichotoka mkononi mwa mama. Shangazi ndiye aliyempelekea uji na maziwa. Mama alikula peke yake, hakupita mbele ya kibanda cha babu, alizunguka boma zima kwenda kuchota maji. Ilisemekana mpaka kaka zake mama walete asali ya faini kutoka Hanang', ndipo wazee wakae walimalize. Asali haikuja. Mvua za masika zikanyesha zikaisha, na sikumsikia akisema mvua hata kwa Kiswahili.

Mtihani nilifanya. Sikumbuki swali hata moja.

Barua ya kuchaguliwa kidato cha kwanza nilikabidhiwa ofisini mwezi Desemba. Mtoto wa kike wa kwanza wa bomani kwetu, mwalimu mkuu alisema, akanipa mkono. Nikasoma jina langu. La kwanza langu, la pili la baba, la tatu Mang'ati. Nikamwonyesha. Akainama akatazama, akaguna.

"Aaa, orodha itakuwa ilikwenda wilayani kabla hatujarekebisha. Usijali mwanangu, ni jina tu. Utasoma nalo vizuri tu."

Sikuhisi kitu. Sikwambii hivyo kwa kujigamba. Nilijitafuta ndani njia nzima ya reli nikakuta hakuna mtu. Nilipofika bomani, babu alikuwa ameshasikia kwamba barua imekuja. Akataka niisome mbele ya watu. Wakakusanyika shangazi, kaka zangu, na baba aliyekuwa amerudi. Mama alisimama nyuma kabisa, kule kwenye vibuyu.

"Soma ulivyoandikwa," babu akasema.

Hakuna aliyejua kusoma pale isipokuwa mimi. Nikaikunjua karatasi, nikasoma jina langu, nikasoma la baba, na mahali palipoandikwa Mang'ati nikasoma jina la babu.

Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

Babu akakaa anatazama mbele, macho yake wakati huo yalikuwa na ukungu. Mwisho akasema kwa sauti ndogo kwamba serikali imemwandika. Halafu akauliza, "Yule aliyenisemea yuko wapi? Mbona maziwa hayaji?" Mama akaja na kibuyu, ameinamisha kichwa, amejifunika. Babu akapokea akanywa. Wala asali haikuzungumzwa tena.

Ile ndiyo mara ya mwisho kulitamka jina la babu. Alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama aliitunza barua ile ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kibuyu kilichopasuka, na wageni wakija alikuwa anaitoa anawapa washike, hawasomi, wanashika tu. Aliondoka duniani akiamini kwamba alichokisema ofisini kimeandikwa. Ningeweza kubadilisha jina baadaye, nikiwa chuoni. Kuna viapo, kuna mawakili, wenzangu walifanya. Lakini kubadilisha kungekuwa kukiri kwamba halikuwapo, na mama alikuwa hai. Alipokufa, sikuona tena nambadilishia nani.

Mwaka juzi nilipita Kwala. Boma letu nadhani liko ndani ya ukuta, nikikadiria kwa reli. Mlinzi aliniuliza namtafuta nani, nikasema hakuna. Wazaramo wa mihogo wengine wamehamia Mlandizi, wengine vijana wao wanafanya kazi humo humo ndani na viwandani Zegereni. Ng'ombe wetu waliobaki wako Kisarawe na kaka zangu, wachache. Huwa najaribu kukumbuka maneno ya mama, yale ya upande wake. Nakumbuka lile la mvua, la njia, na moja la maji yanayotulia asubuhi kwenye lambo. Yalikuwa mengi. Wake za kaka zangu hawayajui, na mimi nilipokuwa mtoto sikufikiri kwamba ni kitu cha kuhifadhi, nilidhani ni namna mama anavyoongea tu.

Basi sasa unaelewa kwa nini nilifunika kalamu. Yule mwanamke alikuwa mbele yangu, na mtoto anamtazama, na nafasi ya tatu iko wazi. Nilikuwa nimeshapanga. Nitamwita binti aje upande wangu, nitainama, nitamwambia aninong'oneze sikioni, na mama yake hataulizwa kitu. Nilikuwa nimelisubiri jambo hilo kwa miaka sita, nadhani ndiyo sababu siikatai kazi hii. Nikasogeza kiti. Nikamwita mtoto kwa mkono, aje.

"Babu yake?" mama yake akasema, macho kwenye simu. "Si unaandika babu hapo? Andika." Akalitaja jina la baba mkwe wake, lote, kwa sauti, kama anayeagiza robo ya sukari dukani. Mimi nikabaki nimeinama. "Hujasikia, mwalimu?" Akalitaja tena, akanitajia na herufi.

Nikaandika. Binti alisimama karibu yangu hajui aliitiwa nini, nikampa kipande cha chaki.

Chini ya ukurasa mwalimu mwandikishaji anaweka jina lake kamili na sahihi. Nikaweka. Yule mwanamke aliinama juu ya meza, maana anajua kusoma, akasoma kwa kidole, akafika kwenye jina langu la tatu. Uso wake ukachangamka.

"Kumbe wa kwetu! Lakini hili si jina, dada. Hili wanatuita watu. Babu yako hasa anaitwa nani? Labda tunajuana."

Alikuwa ananitazama, anasubiri. Hapakuwa na mwiko wowote, mimi ni mjukuu, naruhusiwa. Nilifungua mdomo. Nikatazama chini, sakafu ya baraza letu ni ya saruji, haina kifuniko hata kimoja cha kuhesabu.

"Koo linanisumbua leo," nikamwambia, nikamwita wa nyuma yake asogee.